Ndizi Hazina Pua

Redio ya Mama Shimo ilitangaza kwamba mvua haitakatika mpaka mwakani, na kijiwe kizima kikainamisha vichwa kama kimeletewa msiba. Ndio ule mwaka wa Elinino, jamani, mwaka ambao Karagwe ililowa mpaka vyura wakahamia ndani ya nyumba kutafuta pakavu. Pale Bugene, kando ya barabara ya kwenda Kayanga, wenye kijiwe walikuwa wamebanana chini ya kibanda, kila mmoja na kikombe cha kahawa mkononi na hasira zake moyoni.

"Mpaka mwakani," akarudia Mbonimpa. "Yaani hakuna rubisi mpaka mwakani."

"Redio imesema mvua. Rubisi haikuitaja," akasema Leonidas.

"Wewe walikusomesha bure. Mvua ikinyesha, shimo linajaa maji. Shimo likijaa maji, ndizi haziivi. Ndizi zisipoiva utakamua nini, soksi?"

Leonidas akanywa kahawa yake.

Tuwajue kabla hawajaanza kutukanana. Mbonimpa alikuwa kibarua wa mashamba ya migomba, na kijiweni aliitwa Kipimo, kwa sababu hakuna rubisi, ile pombe yetu ya ndizi, iliyoanza kuuzwa Bugene kabla yeye hajaipima kwa mdomo wake. Leonidas waliyemwita Seminari alisoma huko miaka mingi, mpaka siku alipomwona Kampire akiuza mayai getini. Kampire sasa ni mama watoto wake, na Kilatini kimebaki kichwani hakina kazi. Mama Shimo mwenyewe, mwenye kibanda, jina lake la ubatizo ni Celestina. Kahawa aliiuza ili watu wapate sababu ya kukaa. Biashara yake hasa ilikuwa shimo nyuma ya kibanda, la kuivishia ndizi za pombe. Unachimba, unatandika majani makavu ya mgomba, unapanga ndizi mbichi, unafunika vizuri, na pembeni unaacha kitundu cha kuingizia moshi wa moto. Baada ya siku chache unafukua, ndizi zimekuwa za njano na laini, tayari kukamuliwa. Mwaka ule shimo lilikuwa bwawa, na bata wa jirani alikuwa akiogelea humo bila hata kuomba ruhusa.

"Yule bata nimeshamwonya," akasema Mama Shimo. "Akitaga mle, mayai ni yangu. Hiyo ndiyo kodi ya pango."

Hapo ndipo Landrova ya Rwegoshora ilipoingia ikikohoa. Ilikuwa gari la misheni, ikawa ya chama cha ushirika, ikawa ya mtu aliyekimbia wadai, na sasa ilikuwa yake. Paa lilivuja, milango ilifungwa kwa kamba ya mkonge, na upepo uliingia kwa mbele ukatokea nyuma bila kugusa kitu. Rwegoshora akashuka, akasimama mvuani akitabasamu. Kijiwe kikajua kuna jambo.

"Mchumba, vipi?" akauliza Mbonimpa.

Hilo la Mchumba ndilo lilikuwa jina lake. Mtu mzima, ndevu zina mvi, na bado alikuwa mchumba. Joviana, mwalimu wa kule Nyakatuntu, alishamkubali zamani, na baba yake naye alishakubali. Lakini kwetu binti ana baba na ana mama, na ufunguo anao shangazi. Shangazi huyo aliitwa Adelgunda, na sheria yake ilikuwa moja: posa haiendi bila rubisi. Siku ya posa ilipangwa, ikaahirishwa kwa kukosa rubisi. Ikapangwa tena, ikaahirishwa tena. Rwegoshora alikuwa amefika mahali pa kuiota rubisi kuliko alivyomwota Joviana.

"Shangazi amelegeza," akasema.

"Pole sana, bwana," akasema Mbonimpa. "Amezikwa lini?"

"Amelegeza, hajafa. Nimetoka kwake jana. Amesema kukosekana kwa rubisi ni kazi ya Mungu, na yeye hawezi kumgombeza Mungu. Basi nipeleke matoke badala yake. Upepo umeangusha migomba yao yote, hawana cha kulishia wageni. Nipeleke mikungu ya kulisha ukoo mzima. Mabichi, ya kijani, yasiwe na hata doa."

"Matoke ndiyo nini," akasema Mama Shimo. "Shamba lako limejaa."

"Limejaa, na mikungu nimeshaikata. Sasa kuna la pili. Alhamisi atakuwa hapa Bugene kwa mdogo wake. Nimchukue, ayakague matoke kwa macho yake, nimrudishe kwao kwa gari pamoja na mzigo, na Jumamosi iwe posa. Ila gari lisiwe na baridi."

Kijiwe kikageuka kuitazama Landrova. Maji yalikuwa yakichuruzika kutoka kwenye kiti cha abiria.

"Ana baridi yabisi ya magoti," akaendelea Rwegoshora, na sauti ikamshuka. "Safari ile nilipompakia alishuka hawezi kukunja mguu. Akaniambia, mwanangu, mtoto wa kaka yangu simtoi kwa mtu mwenye jokofu la magurudumu. Sasa amesema safari hii akishuka magoti yanamuuma, au matoke yakiwa na kasoro, hakuna kuahirisha mara ya tatu. Kuna mnunuzi wa kahawa ameshapiga hodi kwao."

"Ana gari gani?" akauliza Leonidas.

"Lenye vioo."

Wote wakasikitika. Kweli hali ilikuwa mbaya.

Aliyesogea mbele ni Elpidius, fundi wa magari, ambaye gereji yake ilikuwa mti mmoja upande wa pili wa barabara. Walimwita Spana Moja kwa kuwa ndiyo aliyokuwa nayo. Kwa hiyo moja alifungua magurudumu, alipiga misumari, na siku moja alimng'oa Mbonimpa jino.

"Dawa ninayo," akasema Spana. "Nimekuwa nikiikalia mwaka mzima."

Akavuka barabara, akarudi na kigoda chake. Kigoda chenyewe kilikuwa boksi la chuma lenye mabomba mawili na nyaya zinazoning'inia. Alikiokota wakati wazungu wa misaada walipofunga virago baada ya wakimbizi kurudi kwao, wakagawa vitu ambavyo hawakutaka kuvibeba.

"Hii ni hita," akasema. "Jiko la gari. Linachoma dizeli, linapuliza joto ndani."

"Acha kamba," akasema Mbonimpa. "Nani anapika ndani ya gari?"

"Si la kupikia. Kwao kuna baridi, bwana. Baridi inafika mahali dizeli inaganda kama samli."

"Na hilo jiko linachoma nini?"

"Nimekwambia, dizeli."

"Ile iliyoganda?"

Spana akamkabidhi Leonidas lile boksi asome kibandiko kilichokuwa ubavuni. Leonidas akapangusa tope, akasogeza macho, akatikisa kichwa kama anayesoma zaburi.

"Hiki ni Kijerumani," akasema. "Kijerumani ni Kilatini kilichopigwa na baridi. Hapa mwanzo wanasema hewa. Hapa mwisho wanasema hatari."

"Na katikati?"

"Katikati wamefupisha."

Rwegoshora hakusubiri zaidi. Alikuwa ameshaona magoti ya shangazi yakiota moto, ameshamwona Joviana akiingia kwake na kitenge kipya. "Funga," akamwambia Spana. "Funga leo."

Basi ikafungwa pale pale mbele ya kibanda, na kijiwe chote kikawa wasaidizi, yaani wasemaji. Spana akatoboa sakafu chini ya kiti cha abiria kwa kupiga spana kwa jiwe. Akachukua dizeli kwenye tangi kwa mpira wa dripu ambao hakusema ameutoa wapi. Swichi haikuwapo, kwa hiyo waya mbili zikasokotwa pamoja, na hapo zikatoa cheche, zikatoa kishindo, kisha kimota kidogo kikaanza kugonga tik, tik, tik. Baada ya muda upepo wa moto ukatoka. Mbonimpa akaweka mkono, akauondoa, akauweka tena.

"Mawe!" akashangaa kwa kilugha. "Ni joto la kweli."

Watu wakaacha moto wa Mama Shimo, wakaingia garini. Mama Shimo akaona wateja wake wote wamehamia kwenye Landrova na vikombe vyake, akasonya, akachukua debe, akaenda nyuma ya kibanda kuchota maji shimoni.

Ndipo likaja suala la moshi.

"Bomba hili linatoa joto safi, hilo nimelielekeza kwenye magoti," akaeleza Spana. "Hili la pili linatoa moshi. Nitalitoa nje."

"Moshi wenyewe ni wa moto?" akauliza Mbonimpa.

"Wa moto sana."

"Na dizeli ni ya nani?"

"Ya Mchumba."

"Sasa mtu anunue dizeli nzima atumie nusu? Nyingine unamwotesha nani, mvua? Hata mke wangu akiwasha kuni moshi unabaki ndani unakausha paa."

Ilikuwa hoja nzito. Rwegoshora, ambaye mahari ilishamkausha, aliona kwamba Mbonimpa safari hii amesema kweli. Bomba la moshi likageuzwa likaelekezwa mbele, pamoja na lile la joto. Leonidas akajitolea kupima. Akakaa kiti cha shangazi, wakamfungia madirisha yale yaliyokuwa yanafungika na kuziba kwa magunia yale yasiyofungika, wakasubiri nje wakibishana. Walipofungua mlango alidondoka kama gunia la maharage. Wakamlaza chini ya kibanda, wakampepea kwa sinia. Baada ya kitambo akafumbua jicho moja.

"Nimemwona babu yangu," akasema. "Yule aliyefia Rwanda. Alikuwa amesimama ng'ambo ya mto ananipungia mkono."

"Amekwambia nini?" akauliza Rwegoshora kwa hofu.

"Ameuliza Landrova ni ya nani."

Wakakubaliana kwamba moshi usikae mbele. Shangazi akimwona babu yake kabla ya posa, posa itakuwa imeingia mkosi.

"Nilisema nje," akasema Spana.

"Nje ni kutupa," akasema Mbonimpa. "Peleka nyuma."

"Nyuma kuna matoke."

Ni kweli. Matoke yalikuwa yameshapakiwa, maana banda la Rwegoshora lilivuja kuliko gari. Alikuwa ameyakata mwenyewe asubuhi ile, mikungu minene ya kijani, akaipanga nyuma kwa upole kama anayelaza watoto. Ili isikwaruzane njiani akaitandikia majani makavu ya mgomba. Ili isilowe akaifunika kwa turubai jipya, akalikaza pande zote, na akaning'iniza turubai jingine kutenga mzigo na viti.

"Matoke yana mapafu?" akauliza Mbonimpa. "Yanakohoa? Ndizi hazina pua, bwana. Moshi utazifanya nini?"

Wakamtazama Leonidas, msomi wao. Leonidas, ambaye bado aliona vitu vikiwa viwili viwili, akasema kwamba hata katika maandiko hakuna mahali ndizi ilipovuta pumzi. Spana akainua mabega. Wakapiga kura ya mikono, na Rwegoshora akainua yote miwili. Bomba la moshi likapitishwa chini ya kiti, likachomekwa ndani ya turubai, katikati ya majani makavu. Mama Shimo hakuwepo. Alikuwa nyuma, anagombana na bata.

"Liache liwake usiku na mchana," Rwegoshora akaamuru. "Viti vikauke kabisa kabla ya Alhamisi."

Tik, tik, tik. Kijiwe kikalala na kuamka na ule mlio. Watu wakawa wanakuja kahawani mapema kuliko kawaida ili wapate zamu ya kukaa mbele, madirisha wazi kwa agizo la Leonidas, aliyesema joto liingie na babu atoke. Viti vikaanza kutoa mvuke, kisha vikakauka, jambo ambalo havikuwahi kulifanya tangu enzi za misheni.

Siku ya pili Mbonimpa akasimama ghafla, kikombe mkononi, pua juu.

"Nasikia harufu ya shimo."

"Kaa chini," akasema Spana.

"Nasema nasikia ndizi zinazoiva. Karibu sana."

"Hiyo ni kiu, Kipimo. Mwenye njaa huota ugali. Pole."

Wakamcheka mpaka akakaa. Lakini Mama Shimo hakucheka. Akaweka birika chini, akavuta hewa, mara moja, mara ya pili, na uso ukamwiva.

"Kuna mtu anaivisha ndizi mtaa huu," akasema. "Kuna mtu ana shimo kavu na ananificha."

"Mama Shimo, nani ana shimo kavu Karagwe hii?"

"Pumua," akamwambia Leonidas. Leonidas akapumua. Mama Shimo akamnusa. Akamnusa Spana, akamnusa Mbonimpa muda mrefu zaidi ya wote, akazunguka nyuma ya nyumba za majirani akichungulia migombani. Akarudi ametota, hana alichopata, akatangaza kwamba mwenye kunywa rubisi ya siri itamtokea puani, na yeye atakuwepo kuikinga kwa kibuyu.

Rwegoshora naye aliisikia ile harufu. Kila alipoinama kuongeza dizeli ilimjia tamu, ya joto, ikamfanya atabasamu peke yake. Alidhani ndivyo furaha inavyonukia, na kwa kuwa hakuwa ameizoea sana, hapakuwa na wa kumsahihisha.

Alhamisi Shangazi Adelgunda akafika. Mwanamke mrefu, mwavuli mweusi, rozari shingoni, anatembea kama anayekanyaga mayai kwa sababu ya yale magoti. Kijiwe chote kikasimama.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Kaeni. Mnaonekana watu wasio na kazi."

"Waitu, kazi imekatazwa na mvua," akasema Leonidas kwa heshima ya kikwao.

Rwegoshora akamfungulia mlango kwa kuifungua kamba. Shangazi akaingia kwa wasiwasi, akakaa kwenye ukingo wa kiti, akagusa kitambaa kwa kiganja. Kikavu. Akagusa tena. Kisha lile joto likamfika magotini. Akafumba macho. Kijiwe kilinyoosha shingo, mvua ikipiga bati, tik, tik, tik ikiendelea chini ya kiti, na polepole watu wakaona mguu wa kulia wa Shangazi Adelgunda ukijikunja na kujikunjua wenyewe.

"Yesu na Maria," akasema. "Goti limecheka."

Rwegoshora machozi yakamlenga. Alimwona mnunuzi wa kahawa akiondoka na vioo vyake, akamwona Joviana anafunga mizigo. Hakuna mtu aliyekuwa na furaha kama yeye toka Bugene mpaka mpakani.

"Mwanangu," akasema Shangazi, kwa sauti ambayo hakuwahi kuitumia kwake, "nilikukosea. Sasa nionyeshe matoke twende."

Rwegoshora akaruka nyuma, akafungua kamba, akalivuta turubai kwa mbwembwe, kama fundi anayezindua sanamu.

Kwanza likatoka wingu. Wingu lilipopungua zikaonekana ndizi. Za njano. Njano iliyoiva mpaka ikaweka madoadoa meusi, laini, zimepasuka maganda, zinadondosha utamu kwenye bampa. Nyuki mmoja, sijui alitoka wapi katika mvua ile, akatua juu ya mkungu wa kwanza, akaanza kazi.

Mbonimpa akavua kofia.

"Mimi," akasema Shangazi Adelgunda taratibu kutoka dirishani, "niliomba matoke ya kijani ya kulisha wazee wa ukoo. Huyu amenifungashia ndizi mbivu, kama mimi ni mtoto anayelia dukani."

Rwegoshora hakuona aibu tu; aliona uchungu wa kweli, kwa sababu yale matoke aliyakata kwa mikono yake na kila mkungu aliouchagua alimfikiria Joviana. Akashika bampa, akajiegemeza hapo.

"Ni Spana," akasema Leonidas haraka.

"Mimi nilisema nje!" akafoka Spana. "Mara mbili. Ni Kipimo na kuni za mkewe."

"Kura ilipigwa," akasema Mbonimpa. "Mchumba aliinua mikono miwili."

Mama Shimo akawasukuma wote, akapanda nyuma ya gari. Akafunua majani makavu, akayatazama. Akalitazama turubai lilivyokazwa. Akafuata bomba kwa kidole mpaka mwisho wake, pale linapotoa moshi katikati ya mzigo. Akageuka, akawaangalia mmoja mmoja.

"Majani makavu chini," akasema. "Kifuniko juu. Moshi kwa kitundu cha pembeni. Ninyi watu mmezaliwa migombani, mnalala migombani, mtazikwa migombani. Hakuna hata mmoja aliyeona kwamba anachimba shimo ndani ya gari?"

Wakainamisha vichwa. Sasa kwa kuwa limesemwa, lilionekana hata kwa kipofu.

"Na mimi nikaambiwa ni kiu," Mbonimpa akanung'unika.

Mama Shimo akachukua ndizi moja, akaiminya kiganjani. Utamu ukamtiririka mpaka kwenye kiwiko. Akalamba, akafikiri.

"Si ndizi za pombe hizi. Rubisi yake itakuwa nyepesi kama ahadi ya diwani," akasema. "Lakini ni rubisi. Nikipata nyasi za kukamulia na unga wa mtama leo, Jumamosi inanyweka."

Neno hilo likamfika Shangazi. Alikuwa bado hajashuka. Kila mtu aliona anapaswa kuwa ameshuka kwa hasira, lakini magoti yalikuwa yanapata joto na ni wazi hayakutaka kugombana na mtu. Akachomoza kichwa dirishani.

"Rwegoshora."

"Naam, Shangazi."

"Mimi rubisi niliisamehe kwa sababu haikuwepo Karagwe nzima. Sivyo?"

"Ndivyo, Shangazi."

"Sasa ipo. Kitu kilichopo sina mamlaka ya kukisamehe. Utaleta rubisi."

Rwegoshora akainua uso kutoka kwenye bampa. "Na matoke, Shangazi? Wageni watakula nini?"

"Ukoo wetu haujaonja rubisi tangu mvua ianze. Ukiwapa rubisi, nani atauliza matoke? Kamueni."

Wakakamua. Kijiwe kizima kikavua viatu, kikashika nyasi, kikakamua mpaka jioni chini ya usimamizi wa Mama Shimo, ambaye alimfunga Mbonimpa mdomo kwa kitambaa kama ng'ombe anayepura. Spana alimwambia kila aliyepita barabarani kwamba hiyo ndiyo iliyokuwa nia yake tangu mwanzo. Jumamosi posa ikaenda Nyakatuntu na rubisi pekee iliyokuwepo katika wilaya nzima. Wazee waliokuja kumhoji Rwegoshora ukoo wake wakamaliza kwa kumkumbatia, na mnunuzi wa kahawa, waliyemwalika kwa adabu, akabebwa mpaka kwenye gari lake lenye vioo.

Joviana akatolewa. Harusi ikafungwa. Ni kweli, msidhani ni mzaha.

Siku moja baada ya harusi hiyo, mvua bado ile ile, kijiwe kilikuwa kimebanana kibandani, Rwegoshora akatokea barabarani kwa baiskeli. Ametota mpaka mifupani, meno yanagongana. Nyuma ya baiskeli alikuwa amefunga dumu.

"Mchumba," akaita Mbonimpa, maana jina halikutoka hata baada ya ndoa. "Landrova iko wapi?"

"Iko kwa Shangazi."

"Si ulisema imebaki kwa muda tu?"

"Amesema mvua bado, na shimo kavu haliwezi kuachwa lirudi Bugene. Nyuma anaivisha ndizi, wanawake wa Nyakatuntu wote wanapanga foleni kwake. Mbele anakaa yeye na magoti yake. Anasali humo, anakula humo, na juzi padri amekwenda kumpa komunyo dirishani."

Mama Shimo akasonya kwa wivu, akamimina kahawa.

"Na hilo dumu?" akauliza Leonidas.

"Dizeli. Wakwe wengine hupeleka kuni." Akapuliza vidole vyake vilivyokufa ganzi. "Nampelekea kila jiko linapokaribia kuzima."

"Kwa baiskeli mpaka Nyakatuntu, mvua hii, baridi hii," akasema Spana, na hata yeye alimhurumia. "Basi ukifika si anakuruhusu uingie kidogo uote joto?"

"Ananiruhusu," akasema Rwegoshora, akiipanda tena baiskeli yake. "Nyuma, pamoja na ndizi."

"Kwenye moshi?"

"Nilimwuliza hivyo hivyo." Akakanyaga pedali. "Amesema mkwe hana pua."